Vijiji Nyuma ya Fremu

Jumatatu, 17 Aprili 2023

Leo binti yangu Segametsi alinikaribisha ofisini kwake, hapa Maun. Viatu vyangu vilikuwa na mchanga. Nilivipangusa mara mbili kabla ya kuingia. Ukuta mzima ni skrini – kumi na mbili, nne kwa upana, tatu kwa kimo – na delta yetu yote imetandazwa juu yake. Kila mkondo. Kila zizi. Picha zimepigwa kutoka angani, na kompyuta sita zinagawana kazi ya kuzionyesha. Mimi niliipima nchi hii miaka thelathini na mmoja, kwa miguu na punda wawili, wala sikupata kuiona yote kwa pamoja. Nilivua kofia. Mungu anisamehe majivuno: nilitamani marehemu mama yake awe kando yangu.

Jumatano, 19 Aprili

Nimerudi, bila kualikwa. Karani kijana alinitania: "Rra, mzee wangu, punda wako walikuwa afadhali, hawakukatikiwa umeme." Nikamjibu kwamba nao walikuwa na migomo yao.

Nikatafuta Dithutlwane, kijiji waliponiuguza homa mwaka 1974. Sikuiona. Nilifuata mto kwa kidole hadi ukingo mweusi wa skrini, nikatokea upande wa pili. Hakuna.

"Fremu ni kama za dirisha, Baba," Segametsi alisema. "Ramani nimeiacha ipite nyuma yake. La sivyo mto utaonekana umevunjika."

Kazi ya akili sana. Akaitwa kwenye simu. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa: kijiji kimefichwa nyuma ya fremu.

Alhamisi, 20 Aprili

Kesho machifu watakuja. Vijiji vya kuhamishwa kabla mafuriko kutoka Angola hayajafika vitaandikwa kwa kusomwa ukutani pale. Dithutlwane haisomeki. Kaya kumi na moja.

Nilikwenda kumweleza Segametsi. Alikuwa na wakubwa wake, wakimpongeza. Nikageuka mlangoni. Nasikitika kuandika hivi: niliona aibu kumharibia.

Ijumaa, 21 Aprili

Karani alisoma orodha: vijiji thelathini na vinne. Hakuitaja Dithutlwane. Nikasimama, nikamgeukia Kgosi, chifu wetu.

"Niwieni radhi, Kgosi, nanyi wakubwa. Nyuma ya ukingo ule mweusi wanaishi watu."

"Wanajificha nini huko, mzee?" mmoja aliuliza. Wakacheka.

Segametsi hakucheka. Aliisogeza ramani upana wa kidole. Mapaa yakajitokeza, na mazizi, na njia ya kwenda mtoni.

"Baba amesema kweli," alisema mbele ya wote. "Kosa ni langu." Sauti yake haikutetemeka. Nimekaa na watu wengi wa vyeo. Sijamsikia hata mmoja akisema maneno hayo waziwazi namna ile. Niliketi.

Kisha Kgosi akaegemea fimbo yake. "Vema. Na sasa ni nani aliyeingia nyuma ya fremu?"

Segametsi akarudi kwenye skrini.

Saa mbili zimepita. Naandika pembeni, chai yangu imepoa. Hakuna chifu aliyeondoka. Segametsi amevua viatu; anaisogeza ramani kidole kimoja kushoto, kidole kimoja chini, na kila kinachochomoza anakitaja kwa sauti. Karani aliyenitania anaandika, hainui kichwa. Vijiji ni arobaini na kimoja. Wamemaliza ukingo wa kwanza. Sasa ananiita nikasimame kando yake.