Hadija Wawili, Nafasi Moja

Alhamisi, Ipagala. Jioni.

Upepo wa leo hauna adabu. Tangu asubuhi unagonga mageti ya watu na kumwaga vumbi kwenye nguo zilizoanikwa, na mimi nimeingia ndani na mtandio uliojaa mchanga na kichwa kinachopasuka. Nimeswali magharibi bila utulivu. Nimebandika chai, nikaisahau, maji yamekauka na sufuria imeungua. Sasa nimekaa chini, kompyuta mapajani, simu nimeilaza kifudifudi nisione nani anapiga.

Naogopa. Niliandike hilo kwanza, maana alasiri yote ofisini nimejifanya nina mafua.

Mnaonisoma siku zote mnajua kazi yangu, ingawa ofisi sitaitaja na majina ya watu nimeyabadilisha. Tunatengeneza mfumo wa taarifa za wanafunzi wa mkoa mzima. Mtoto akianza darasa la awali anapewa namba moja, na namba hiyo inatembea naye: akihama shule, akiugua, akifanya mtihani, akienda sekondari. Mwalimu wa Kongwa aweze kumjua mtoto aliyetoka Kondoa bila mzazi kupanda basi kufuata barua ya uhamisho. Ni kazi nzuri. Hata leo, pamoja na hasira zote nilizonazo, siwezi kusema si kazi nzuri.

Kesho saa nne asubuhi unazinduliwa. Turubai zimeshafungwa, viti vimeshavalishwa vitambaa, wageni wameshaalikwa. Mfumo ukizinduliwa tu, majina ya watahiniwa wa darasa la saba yanafungwa na kupelekwa panapohusika. Jina lisilokuwamo, halimo.

Sehemu yangu mimi ilikuwa usafi. Shule nyingi zilikuwa na majina yanayojirudia, mtoto mmoja kaandikishwa mara mbili, na kila kikao kilikuwa kinaishia kwenye kelele za wanafunzi hewa. Nikaandika kanuni: majina matatu yakifanana, tarehe ya kuzaliwa ikifanana, kijiji cha kuandikishwa kikifanana, na simu ya mlezi ikifanana, basi huyo ni mtoto mmoja, mfumo uwaunganishe. Wiki iliyopita tukaiwasha. Majina yakapukutika. Nilipigiwa makofi kikaoni, na sitadanganya, niliyafurahia.

Leo asubuhi baba akanipigia kutoka kijijini kwetu Busi, Kondoa.

Baba huwa hapigi simu asubuhi. Asubuhi yuko shamba, au yuko na ng'ombe wake wawili anaowapenda kuliko sisi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika haraka haraka, kisha akasema, "Mwanangu, mwalimu mkuu amemrudisha Hadija nyumbani. Anasema kwenye hiyo mashine yenu mtoto ameshahama. Amehamia wapi na mimi nimelala naye nyumba moja?"

Hadija huyo ni binti wa kaka yangu Athumani. Yuko darasa la saba. Ni mtoto wa kuamka kabla ya jogoo, anasoma kwa mwanga wa simu ya babu yake mpaka babu analalamika chaji. Baba akaniuliza kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeshajua pia kilichotokea, hapo hapo, kabla sijafungua kompyuta.

Ngoja nieleze kwetu palivyo.

Bibi yangu mzaa baba aliitwa Hadija. Kwetu binti wa kwanza wa kila mtoto anapewa jina lake, na hakuna mjadala. Mimi ni Hadija. Binti wa Athumani ni Hadija. Binti wa mdogo wangu Mariamu ni Hadija. Ukisimama uani kwa baba ukaita jina hilo, unaitikiwa kutoka jikoni, zizini na nje ya uzio. Mabinti wale wawili walilelewa na baba tangu wadogo, wamepishana miezi tu. Siku ya kuandikishwa shule aliyewapeleka alikuwa babu yao, aliyeulizwa jina la mzazi alikuwa babu yao, naye akasema la kwake, Saidi Iddi. Vyeti vya kuzaliwa hawakuwa navyo, kwa hiyo mwalimu akafanya kama walimu wanavyofanya kwa watoto wasio na vyeti: akawaandikia wote wamezaliwa Januari mosi. Simu ya mlezi, ya baba.

Hadija Saidi Iddi na Hadija Saidi Iddi. Shuleni wanawaita Hadija mrefu na Hadija mfupi, na maisha yanaendelea. Kwenye kanuni yangu hakuna urefu.

Jina hilo kamili ni langu pia. Kilichoniokoa nisiunganishwe nao ni uzee.

Mwanzoni mwa mwaka huu Mariamu, aliyekuwa ametulia Kibaigwa na biashara yake ya mahindi, alimchukua binti yake akasome huko. Huyo ndiye Hadija mfupi. Uhamisho wake ukaandikwa vizuri kabisa. Kisha ikaja kanuni yangu, ikakuta Hadija wawili, ikasema hawa ni mmoja, na huyo mmoja ameshahamia Kibaigwa. Hadija mrefu, aliyekuwa amekaa darasani Busi na kalamu mkononi, akawa hayupo duniani.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ile. Kama kuna mtu mmoja katika ofisi yetu yote aliyetakiwa kuliona hili, ni mimi. Wengine wametoka kwao, hawajui. Mimi nilijua na sikuwaza, kwa sababu nikiwa mbele ya kompyuta huwa nasahau kwamba natoka mahali.

Nikaenda kwa Bwana Ndahani, mratibu wetu. Sitamsema vibaya. Ni mtu anayekumbuka kuuliza hali ya mama yako, na mradi huu umemzeesha. Nikamweleza kwamba haiwezekani iwe ni kwetu tu. Vijiji vingi vya Kondoa vinarithisha majina namna hiyo hiyo, babu wengi wanalea wajukuu, na Januari mosi imejaa kila shule. Nikamwambia tuiondoe kanuni, tuwatenganishe wote waliounganishwa, hata kama majina hewa yatarudi kwa muda.

Alivua miwani akajikanda macho. "Hadija, ripoti imeshachapwa. Kesho mgeni rasmi anasoma kwamba tumesafisha. Unataka aisome huku kwenye skrini ya ukutani majina yanaonekana yamejaa tena?"

Nikasema, "Watoto wataachwa nje ya mtihani, bosi."

"Sikiliza. Mrekebishe huyo mtoto wenu, una uwezo huo. Wengine wakijitokeza tutawashughulikia baada ya shughuli. Kanuni usiiguse. Ukiigusa bila idhini yangu, sitaweza kukutetea."

Mrekebishe huyo mtoto wenu. Nilitoka pale nikiwa nimechukia, na nikaenda moja kwa moja kwenye meza yangu nikafanya alichosema.

Ndiyo. Nilifanya. Nilifungua rekodi ya Hadija, nikabonyeza kumrudisha shule aliyotoka, jina likatokea Busi kati ya watahiniwa. Nikampigia baba. Nikasikia vigelegele vya mama kwa nyuma, nikasikia mtoto mwenyewe akisema, "Ahsante shangazi, ahsante sana." Nikaenda kula. Wali maharage, nikaongeza na chapati. Nilikula kama mtu aliyemaliza kazi.

Alasiri, Mariamu akapiga.

Hakuniamkia. Mariamu, ambaye hata tukigombana husema kwanza shikamoo dada halafu ndiyo anaanza matusi yake, leo hakuniamkia.

"Mwalimu wa huku kaniita. Anasema mwanangu katolewa leo mchana. Leo mchana, dada! Jana alikuwepo. Mmemfanya nini?"

Nikaifungua tena ile rekodi.

Wenye akili mmeshaelewa kabla yangu. Baada ya kuunganishwa, ndani ya mfumo alibaki Hadija mmoja tu, rekodi moja, kiti kimoja. Nilipomvuta kwenda Busi, sikumrudisha mtoto aliyepotea. Nilimnyang'anya mmoja nikampa mwingine. Mimi niliyeandika kanuni ile kwa mkono wangu sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwaokoa wa kwetu.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema rekodi, nilisema kuunganishwa, nikajisikia ninavyoongea kama tangazo la redio. Mariamu akanikata.

"Kwa hiyo umemchagua wa kaka."

Sikumchagua. Wallahi sikumchagua. Lakini nilibonyeza, na aliyepata ni wa kaka, na aliyekosa ni wa Mariamu, ambaye mwaka mzima huu anamlea binti yake peke yake na kuamka alfajiri kusubiri malori ya mahindi ili mtoto huyo asome. Mimi ni mama mkubwa wa yule mtoto. Nimembeba mgongoni. Alikuwa anakataa kulala mpaka nimwimbie, na sauti yangu mnaijua.

Nikasema nitalitengeneza. Mariamu alipoongea tena hasira ilikuwa imemtoka, na afadhali angeendelea kunifokea.

"Dada, na wale ambao hawana ndugu humo ofisini kwenu, wao wanampigia nani?"

Akakata.

Nimerudi nyumbani na swali hilo. Nimelibeba kutoka ofisini mpaka Ipagala, nimeingia nalo mlangoni, limeniunguzia chai. Naweza sasa hivi kumtengenezea Hadija mfupi rekodi mpya kwa mkono, nimwandikishe upya Kibaigwa, na familia yangu ikalala. Ndahani hatanilaumu, kaniruhusu mwenyewe. Kesho nitavaa gauni langu la kitenge, nitakaa mstari wa pili, nitapiga makofi. Na mahali fulani juu ya vilima kuna mtoto ambaye leo amerudishwa nyumbani kama alivyorudishwa wa kwetu, na babu yake anaigeuzageuza simu mkononi, hana namba ya kupiga.

Hao sasa nawaona. Wiki iliyopita walikuwa ni majina yaliyopukutika.

Ninaipenda kazi hii. Ninalipa kodi kwa kazi hii, ninawatumia wazee hela ya sukari kwa kazi hii. Sina mume wa kunishika mkono wala shamba la kukimbilia ambalo si la baba. Ndahani hatanii. Akisema hataweza kunitetea, anamaanisha hivyo, na atasikitika huku akisaini.

Naacha kuandika kidogo.

Nimerudi.

Nimemtumia Ndahani ujumbe kwanza, sikutaka kumfanyia mambo gizani. Nimemwandikia kwamba naiondoa kanuni sasa hivi na kuwatenganisha wote, kwamba uamuzi ni wangu peke yangu, na kwamba ripoti itasomeka uongo lakini watoto watakuwepo. Kisha nikaingia kwenye mfumo na nikaiondoa. Nimetazama majina yakirudi moja moja. Hadija wa Busi. Hadija wa Kibaigwa. Halafu wasio wa kwetu, wengi, sikuwahesabu: Mwajuma na Mwajuma, Issa na Issa, watu wawili wawili wakitoka mahali nilipowafungia.

Na hewa nao wamerudi, najua. Kwa hiyo nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la walimu wakuu. Nimewaomba kesho, kabla ya kengele ya kwanza, waite majina ya darasa la saba kwa sauti, mmoja mmoja, na kila anayeitwa asimame. Jina likiitwa mara mbili wakasimama wawili, wote ni wetu. Likiitwa mara mbili akasimama mmoja na darasa zima likacheka, la pili walifute. Ndivyo tulivyoitwa sisi tukiwa wadogo, na mwalimu hakuwahi kumchanganya mtu. Nilitakiwa nianzie hapo.

Walimu wameanza kujibu. Mmoja kaandika, "Mungu akubariki, mimi walipotea watatu, nilidhani kosa ni langu." Nimelia kidogo hapo, hakuna aliyeniona.

Mariamu nimemwandikia, "Wote wapo." Amesoma. Hajajibu.

Kisha nimetazama simu ambazo sikupokea. Ndahani amepiga mara kadhaa, na mwisho ameandika: nisije uwanjani, nifike ofisini kwake mapema na kitambulisho changu cha kazi. Hakuna tusi, hakuna kelele. Mwishoni ameuliza mama yangu anaendeleaje.

Mama ni mzima, bosi. Leo amepiga vigelegele.

Nitalala kama nitaweza. Kesho Busi na Kibaigwa wataita Hadija Saidi Iddi, na kila upande atasimama mtu. Mimi mwenye jina hilo hilo nitakuwa nimesimama ofisini Miyuji, mbele ya meza ya Ndahani, nikirudisha kitambulisho.