Namba Yangu Kwenye Tovuti ya Kliniki

Mwenzangu, nimeharibu. Unakumbuka nilivyokuchosha na ile teknolojia mpya, tovuti inajihifadhi kwenye simu ya mtu na kufunguka hata bila mtandao? Nimeiweka kwenye tovuti ya kliniki.

Nikasahau kutoa namba ya majaribio pale pa namba ya daktari. Namba YANGU!

Nimesharekebisha, lakini simu za wagonjwa zimeng'ang'ania ile nakala ya zamani zilizoihifadhi. Bosi ananiambia, "Si uifute tu, mama?" Nitazifikiaje simu mia tatu zilizo mifukoni mwa watu?

Wanapiga tangu asubuhi. Namba yangu jamani!

Sasa hivi kapiga mama mmoja. "Daktari, mtoto anachemka, hanyonyi." Nikamwambia mimi si daktari. Akasema, "Usinikatie. Wewe ndiye uliyepokea."