Jino Chini ya Ufizi

Jumatatu, 10 Juni

Sakitu, umande ulioganda, imelala kwenye majani. Nimepasha lijamu, chuma cha mdomoni mwa farasi, kwapani, kama kila asubuhi ya likizo. Baba, mtunza farasi wa shamba hili, anasema chuma cha baridi ya Mufindi kikigusa ulimi wa farasi, farasi hakusamehi mpaka jioni. Halafu nikapima mikanda ya pua. Vidole viwili vipite chini yake, na ikae juu, kwenye mfupa mgumu. Ukishuka zaidi, mfupa ni mwembamba kama ganda la yai, na hewa inapita hapo.

Haya nimefundishwa na Baba, kwa fuvu la farasi mzee alilolichemsha mwenyewe. Liko kwenye rafu ya stoo ya matandiko. Kusoma vitabu kunamshinda Baba. Fuvu analisoma.

Festo, msimamizi mpya wa banda, hapimi chochote. Kaja kutoka Mbeya, alikuwa dereva wa trekta. Anadhani farasi ana breki. Leo Ukungu, jike letu la kijivu, karusha kichwa, kasimama wima naye mgongoni. Festo akakaza mkanda wa pua matundu mawili. Namchukia.

Jumanne, 11 Juni

Festo kamvisha Ukungu lijamu la waya uliosokotwa. Povu limetoka na damu. Baba aliona. Aliendelea kufagia.

Tajiri, mwenye shamba, amesema wageni wake wanakuja Jumamosi. Ukungu asipokubali kupandwa siku hiyo, atapigwa risasi. Hafugi farasi wa kuua watu.

Siku nne.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwangalia tangu asubuhi. Anarusha kichwa hatamu ikivutwa kushoto tu. Kulia hapana. Akiwa na kamba ya kichwani bila lijamu, anatembea kama mtoto anayekwenda Sunday school.

Nikaingiza kidole pembeni mwa mdomo, kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego. Hapo hapana meno, ndiyo maana lijamu hukaa hapo. Taya la juu, kulia: laini. Kushoto, mbele ya gego la kwanza: kitu kigumu ndani ya ufizi, kama punje ya hindi. Ukungu alitetemeka mwili mzima. Hatamu ikivutwa, lijamu linalikandamizia shavu hapo.

Nikakimbia nyumbani. Baba alikuwa anakula. Nikasema, "Baba, Ukungu ana jino chini ya ufizi, inabidi litolewe."

Sahani ilipasuka ukutani. "Neno hilo halitajwi ndani ya nyumba yangu!"

Mama aliondoa maharage mezani, akatoka.

Sikufikiri. Kweli sikufikiri. Mdogo wangu Ombeni alikuwa na miezi saba. Aliharisha, akapata homa. Bibi, mama yake Baba, alimpeleka kwa mwanamke anayetoa "meno ya plastiki", yanayosemwa ndiyo huwaletea watoto homa. Huyo mwanamke alimchana fizi. Damu haikukata. Baba alikuwa huku kwa farasi. Nilikuwa na miaka minane. Tangu siku hiyo Bibi haingii kwetu. Baba hajawahi kutaja jina la Ombeni.

Alhamisi, 13 Juni

Festo amesikia. Mbele ya watu wote bandani: "Daktari wa meno, shikamoo! Ukimaliza farasi, nitazame na mimi, nahisi nina la plastiki." Wakacheka mpaka wakashika magoti.

Nawachukia wote. Na Baba namchukia. Naandika hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuamini kidole kuliko mdomo wa mtu. Sasa kidole chake kakificha mfukoni.

Jioni nililichukua fuvu nikaliweka kwenye kiti chake. Mbele ya gego la kwanza kuna kitundu. Jino dogo lilikaa hapo. Farasi wengine wanalo, wengine hawana. Ni jino la ziada. Walichokikata kwa Ombeni kilikuwa meno yake mwenyewe, yaliyokuwa yanakuja. Si kitu kimoja. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikashindwa, nikaacha fuvu liseme.

Ijumaa, 14 Juni

Mama amenifokea. "Mtu mzima unamwekea mfupa kwenye kiti? Una adabu gani wewe?" Baba hakula. Hakunitazama.

Saa tisa nilimkuta bandani. Alinawa mikono kama anayekwenda kula. Akaingiza kidole, kushoto, juu. Alipapasa, akarudia.

"Lipo," alisema.

Akamvua lile lijamu la waya, akalitupa kwenye ndoo. Festo akaja juu. "Mzee, na wewe umeingia kwenye plastiki?" Baba akamwambia aokote ndoo akaoshe. Nikafurahi vibaya.

Daktari wa mifugo hawezi kufika kabla ya Jumatatu.

Jumamosi, 15 Juni

Baba kampanda mwenyewe, magoti yake mabovu hivyo hivyo. Hakukuwa na lijamu, hatamu ilifungwa kwenye mkanda wa pua, na mkanda nilipima mimi. Wageni walikuwa ukingoni mwa uwanja. Alimwomba Ukungu ageuke kushoto. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, Ukungu alikuwa amegeuka kushoto, anatembea, masikio mbele.

Tajiri amesema haya, tumsubiri daktari. Festo hajaniomba radhi. Hata akiomba sitampa.

Jumatatu, 17 Juni

Daktari alimchoma ganzi, akapasua kidogo, akalitoa. Jino jembamba, limelala upande. Alimpa Baba. Ukungu apumzishwe mdomo, kisha ajaribiwe taratibu. Bunduki imerudi kabatini.

Asubuhi nilipasha lijamu kwapani kwa mazoea, hakuna wa kulivaa. Nikalitundika.

Usiku Baba aliweka jino mezani, kando ya chumvi. Tulikula. Kisha akasema, hakumtazama mtu, "Ombeni angekuwa darasa la pili."

Mama alimwongezea maharage. Hakuna aliyeondoka mezani.