Siku Niliyosifiwa kwa Kumkimbia Baba Mkwe

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza kabla majogoo hawajawika na imekata sasa hivi. Mlima Rungwe sijauona tangu juzi, ni ukungu mtupu. Mwanangu Tuse kanilalia mgongoni, ndiyo nimepata mikono ya kuandika.

Leo nimechekwa na kijiji kizima.

Na nina furaha, jamani. Ngoja nieleze kwa utaratibu, maana mwenyewe bado nacheka.

Soko letu la ndizi hapa Kyimo, lile dogo la kando ya barabara, lilifungwa corona ilipoingia. Viongozi wa kijiji walisema magari yanatoka mbali, wanunuzi wanashuka, watu wanashikana na kugombea mikungu, tufunge kwanza tuone hali. Wakavuta kamba ya katani toka mti mpaka mti. Tulikubali wote. Tuliogopa.

Ila ndizi hazikuogopa. Ziliendelea kukomaa kama kawaida yake. Siku hizi ukipita shambani harufu ya mbivu inakupokea kabla hujafika, na popo wameshajua njia.

Mume wangu yuko machimboni Chunya na huko nako kazi imesimama. Kwa hiyo nyumba hii inakula kwa mikungu ninayouza mimi. Sabuni inatoka pale. Mafuta ya taa yanatoka pale. Na dawa ya kifua ya baba mkwe wangu inatoka pale pale. Kifua chake ni kibovu, ukiingia msimu wa baridi unamsikia anavuta pumzi kama mtu anayepanda kilima.

Dawa yake inatoka sokoni. Na ugonjwa wa kummaliza nao ungetoka sokoni, tena ungeletwa na mimi.

Hapo ndipo nilipokwama.

Kijiji nacho kiligawanyika. Upande mmoja alisimama Mama Gwantwa, jirani yetu, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Alituonyesha kwenye simu watu wa nchi za mbali wameingia barabarani na mabango, wanataka kufunguliwa wafanye kazi. "Na wale wana friji!" akasema. "Sisi friji letu ni mgomba, na umejaa." Jumatatu akawakusanya wanawake, kila mmoja na mkungu kichwani, wakaenda ofisi ya kijiji, wakaitua mlangoni, wakakaa chini kimya. Karani alilazimika kutokea dirishani.

Upande wa pili alisimama Sista Rehema, nesi wa zahanati yetu. Ni mtu wa Tanga, ameletwa huku na serikali, baridi yetu bado inamtesa mpaka leo. Alikwenda pale ofisini peke yake akawaambia akina mama warudi nyumbani. Wakamrushia maneno. "Wewe Sista mshahara unakufuata mpaka kitandani!" Hakukasirika. Akawauliza, "Na siku nikiishiwa hewa ya kumpa mzazi wako, utaniletea mkungu nimwekee puani?"

Mimi sikwenda. Nilibaki migombani na mwanangu nikiwakubali wote wawili. Ni kitu kigumu hicho. Kila nikimsikiliza mmoja naona kasema kweli, nikimsikiliza mwenzake naona kasema kweli zaidi.

Sasa nisimame kidogo, kwa wanaosoma ukurasa huu wakiwa mbali. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Wadada wa mjini wameshaacha, wanakula naye meza moja na kumpakulia. Baba mkwe wangu ni mtu wa mila, nilimkuta hivyo nami nikafuata. Nikimwona njiani naingia migombani, nageuza uso mpaka apite. Chakula chake anapeleka mama mkwe. Akiwa na neno na mimi anamwambia mjukuu wake: "Tuse, mwambie mama yako kuni zinalowa." Tuse mwenyewe anajua kusema "maa" na "nyonyo" tu, lakini ndiye mjumbe wetu. Siyo ugomvi. Ni heshima, na ukishaizoea ina utamu wake.

Basi leo mkutano umefanyika uwanja wa mpira, tumesimama mbali mbali, mvua inatudondokea. Mama Gwantwa kasema yake, watu wakapiga makofi. Ikafika zamu ya Sista Rehema.

"Mnasema hamuwezi kukaa mbali na mtu," akaanza. "Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba mnaweza. Juzi narudi kutoka Kawetele kuchanja watoto, mbele yangu kuna dada na mtoto mgongoni. Mzee anakuja upande wa pili. Yule dada hajaambiwa na mtu, akaacha njia, akaingia kwenye matope migombani, akageuza uso kabisa, mzee akapita salama. Nikasema huyu ndiye aliyeelewa somo langu. Mama Tuse, sogea mbele watu wakuone!"

Watu wakaangaliana.

Halafu uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee walishika fimbo zao wasianguke. Mimi nilitamani mgomba wowote ulio karibu.

"Sista!" Mama Gwantwa akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Yule ni baba mkwe wake! Anamkimbia hivyo tangu anaolewa, corona yenyewe haijazaliwa!"

Sista akaganda. "Kwa hiyo haikuwa kwa sababu ya ugonjwa?"

"Ugonjwa gani? Hata dunia ipone kesho, huyu ataendelea kukimbia!"

Mimi nilidhani atakasirika. Mtu msomi, mgeni, kachekwa mbele ya kijiji. Badala yake akajishika barakoa kwa mikono miwili akacheka mpaka akainama. Alipoweza kusema, akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, "Na ukitaka kumpa kitu, mdogo wangu, unafanyaje?"

Nikajibu nikiwa nimeangalia miguu yangu. "Naweka chini, naondoka. Nikishafika mbali ndiyo anakuja kuchukua."

Sista akawageukia wanawake. "Wangapi hapa mnaweza hivyo?"

"Nani hapa hajaolewa?" sauti zikajibu kutoka kila kona.

Nilimwona Mama Gwantwa akinyamaza. Mama Gwantwa akinyamaza ujue kuna kitu kinapikwa. Akapanda juu ya jiwe. "Jamani, tusipoteze muda. Kuanzia leo kila mnunuzi ni baba mkwe!"

Ikawa kama mtu kafungua mlango. Mmoja anasema mkungu utawekwa juu ya jani, mwenyewe unarudi nyuma. Mwingine anasema mnunuzi aukague peke yake, bei itatajwa kwa sauti toka mbali. Sista akaongeza ndoo ya maji ya sabuni, pesa itumbukizwe humo kabla ya kuguswa, na watu wanawe mikono, na barakoa, na gari moja moja. Wanaume wakanung'unika, eti na sisi je? Mama Gwantwa akawaambia, "Nyie mna mama wakwe zenu, mnajua vizuri wa kumwogopa."

Mwenyekiti akasema tujaribu Jumamosi. Watu wakikiuka, kamba inarudi. Sista kasema atakuja kusimama pale yeye mwenyewe toka asubuhi.

Nimewapenda wale wanawake wawili, sijui niseme vipi. Jumatatu walikuwa wanarushiana maneno, leo niliwaacha wanabishana rangi ya ndoo. Mama Gwantwa angeweza kumcheka Sista mpaka amfukuze uwanjani. Sista angeweza kununa na kutuacha na ushamba wetu. Hakuna aliyefanya hivyo. Mimi darasa la saba langu halinipi maneno makubwa, ila nimeona leo watu wanavyoweza kutofautiana na bado wakajaliana.

Lakini kurudi nyumbani miguu ilikuwa mizito. Kucheka kumeisha, kifua cha mzee bado kibovu. Ndoo ya sabuni ni ndoo tu. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, mkiona ni hatari mimi siendi. Tutakula hizo hizo ndizi." Akamchukua Tuse, akaingia naye ndani kwa mumewe.

Nikakaa jikoni namenya ndizi, masikio yote yako kule.

Nikasikia sauti yake, imekatika katikati kwa kukohoa. "Tuse! Mwambie mama yako, kazi hii mimi na yeye tunaijua kuliko wote hao. Aende. Na akirudi akae mbali na mimi kama siku zote, hata bibi yako nitamfundisha kukaa mbali hivyo hivyo." Akapumzika. "Mwambie aanze na mkungu wa nyuma ya zizi."

Mkungu wa nyuma ya zizi! Ule mgomba anautunza mwenyewe, anaulisha samadi kama mtu anayelisha ndama. Haujawahi kuuzwa. Unaliwa na wageni, au Krismasi.

Baadaye kidogo nikamwona kupitia upenyo wa mlango. Kaukata mwenyewe, anauvuta juu ya jani, anasimama, anavuta pumzi, anauvuta tena. Mama alitaka kumsaidia, akamkataza kwa mkono. Nilitamani nikimbie nikampokee. Siwezi. Nilibaki pale na kisu mkononi, machozi yananitoka wala sijamenya kitunguu.

Akauacha katikati ya uwanja wa nyumba. Akarudi kibarazani kwake, akakaa, akanigeuzia mgongo, kama uwanja hauna mtu.

Nikaenda. Nikauchukua. Nikasema kwa kumwelekea Tuse, aliyebebwa na bibi yake, "Mwambie babu ndaga fijo." Ndiyo asante sana ya kwetu.

Hakugeuka. Ila mabega yake yalikuwa yanatikisika, na safari hii hakikuwa kikohozi. Kumbe mama alishamsimulia jinsi nilivyosifiwa mkutanoni.

Ukiniuliza macho ya mzee yule yakoje, sijui. Sijawahi kuyatazama. Hivi mtu anaweza kumpenda hivi mzazi ambaye hajawahi kumwona usoni vizuri?

Jumamosi nitauweka mkungu wake juu ya jani, kisha nitarudi nyuma, mbali, nigeuze uso. Nimefanya hivyo kwa ajili yake tangu niolewe. Nitafanya tena kwa ajili yake.