Nyumba Moja ya Segerea

Jumatatu, 2 Juni 2025

Makala imetoka! Miaka minne ya kuchoma watu wa jamii yetu sindano, kutafuta thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, na leo iko hewani, bure, asome anayetaka. Data nayo yote — mistari mia tatu na sita, kila mstari mtu mmoja. Ofisini wamenipigia makofi, tukala keki iliyokauka. Dk. Wilbert, bosi wangu, karudia lile lile: yeye asingeweka data nje. Jarida lilikuwa radhi tuandike kwamba itatolewa kwa atakayeomba. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Nimechoka na sayansi ya kufungiwa kabatini. Damu ni ya watu, matokeo nayo yawe yao.

Nimefika nyumbani Wazo saa moja, vumbi la kiwanda cha saruji mpaka kwenye nyusi. Sina hata nguvu ya kufurahi.

Jumatano, 4 Juni

Masi Farheen kapiga simu, dada yake marehemu mama. Analia. Binti yake Duaa anaolewa na Aun tarehe 15, Jumapili ya sikukuu yetu ya Ghadir. Sasa Abuzar, mpwa wa Mama Aun, anayesoma takwimu chuoni, kashusha faili langu, kapiga picha mstari mmoja na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao. Mstari wa 41. Mwanamke, miaka 26, kata ya Segerea, ndugu watatu. Thalasemia: mbebaji.

Jina halipo. Majina nilifuta, simu nilifuta, tarehe za kuzaliwa nilifuta. Kata nikaiacha, maana waliokagua makala walitaka ramani. Kwa Upanga hakuna neno, sisi Makhoja, Mashia wa asili ya Kihindi, tumejaa kule, kamtafute mtu. Lakini Segerea! Segerea tuna nyumba moja tu. Ya Masi Farheen. Wakaguzi wale wa ng'ambo wangejuaje? Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nimekula pilau kwenye nyumba ile tangu nina meno ya utoto. Miaka minne naitazama ile safu ya kata na sikuona kitu.

Mama Aun kasimamisha shughuli zote. Anataka kwanza aelewe anaingiza damu gani nyumbani kwake.

Ijumaa, 6 Juni

Wenye ghala la data la mtandaoni, lilikowekwa faili, wamejibu. Naruhusiwa kuweka toleo la pili lisilo na kata. Toleo la kwanza linabaki pale pale mpaka kamati yao ikae — wiki mbili. Ni utaratibu, wanasema, kwa ajili ya uwazi. Neno langu mwenyewe hilo, wamenirudishia. Faili limeshashushwa mara 212. Faili letu la mwaka juzi lilishushwa mara tisa!

Dk. Wilbert hakusema "nilikwambia". Kanisogezea kiti tu. Bora angesema.

Nimemweleza Masi kwa mara ya tatu. Mbebaji si mgonjwa, Duaa ni mzima na atazeeka na uzima wake. Shida ni wabebaji wawili wakioana. Hapo katika kila mimba kuna robo ya uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa wenyewe, aishi kwa kuongezewa damu kila mwezi. Duaa anayajua haya, majibu yake nilimpa mwenyewe mkononi. Masi kaniuliza, kwa hiyo Aun akiwa mzima hakuna tatizo? Nikasema ndiyo, akiwa si mbebaji. Akashukuru Mungu. Mimi nikasingizia mtandao unakatika.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Sikwenda popote. Nimesema naumwa, na naumwa kweli.

Nimefungua orodha yenye majina. Hairuhusiwi kuifungua bila sababu ya kazi. Mstari wa 187, Aun. Mbebaji.

Nilikuwa najua. Nilitaka tu nikute nimekosea. Na kwenye fomu yake, pale tunapouliza kama mtu anataka kuambiwa majibu, kaweka tiki ya nguvu: Hapana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda Keko, kwa kina Aun. Duka lao la samani liko chini, wanaishi juu, kelele za randa na misumeno kutwa nzima. Nikampa Mama Aun shikamoo, akaipokea kama anayepokea bili ya maji. Nikamwambia polepole kwamba ni desturi nzuri maharusi wote kupimwa kabla ya nikahi. Wote wawili, sijamtaja mtu.

"Mwanangu mie ananyanyua kabati la mninga peke yake," akasema. "Unampima nini? We Zarin umeshapima watu vya kutosha."

Aun kanisindikiza hadi kwenye gari. Kijana mpole, hana ubaya. "Da Zarin, niliandika sitaki kujua. Bado sitaki."

"Hata sasa?"

"Sasa ndo kabisa."

Alikuwa anatazama viatu vyake. Nadhani anahisi. Naogopa kwamba anahisi.

Jumatano, 11 Juni

Aun kamwambia mama yake ni Duaa au haoi. Mama Aun kalegea, kwa sharti moja: niandike kwenye lile kundi kwamba mstari wa 41 si Duaa. Basi, yaishe.

Sikuandika. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema siyo. Nikianza kusema siyo kwa mmoja, kila nitakayemnyamazia watamhesabu mbebaji. Kuna watoto kumi na wawili wa jamaati yetu wanaoongezewa damu, na utafiti huu ulikuwa kwa ajili yao. Nani atanipa mkono nimchome sindano tena? Masi kanipigia kelele kwamba nalinda makaratasi kuliko damu yangu. Nilikaa na simu sikioni hadi akachoka.

Jioni mzee mmoja wa msikitini kazungumza na Mama Aun, yamekwisha bila mimi. Nikahi iko pale pale. Masi katuma sauti, analia na kucheka, eti mwanangu tusahau, yamepita. Kila mtu amepumua. Nilimpigia Aun mara nne. Hapokei.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwandikia Aun: "Njoo dakika tano tu." Kasoma. Hajaja.

Ningeweza kumwambia Duaa. Sentensi moja. Ningemwibia Aun siri ileile aliyoibiwa Duaa, safari hii kwa kusudi. Nimechoka hadi mifupani.

Ijumaa, 13 Juni

Duaa yuko hapa. Ametoka kupakwa hina kwa Samiha, fundi wa hina wa hapo Tegeta, kapita bila kupiga simu. Hina bado mbichi hadi viwikoni. Nikadhani kaja kunilaumu, maana ana haki. Hakulaumu. Kaniomba nimtolee simu mkobani, nifungue lile faili, toleo la kwanza.

"Wote wamenisoma mie," akasema. "Na mie nisome."

Nikamwambia faili litafungwa karibuni. Akasema najua, ndo maana nimekuja leo. Hawezi kugusa kioo kwa vidole vile. Kwa hiyo ni mimi niliyesogeza, mstari baada ya mstari, kidole changu mwenyewe. Alikuwa anasoma safu moja tu, ya kata. Kariakoo. Upanga. Upanga. Upanga. Nilijua anatafuta nini na nikaendelea kusogeza. Sijui kwa nini sikuacha.

"Hapo. Simama."

187. Mwanaume, miaka 31, kata ya Keko, mtoto wa pekee.

Aliusoma hadi mwisho wa mstari. Nikasema, "Duaa, siwezi kukwambia mtu yeyote ni nani."

"Sijakuuliza ni nani. Nimekuja kuuliza, sie Keko tuna nyumba ngapi?"

Nikasema nachemsha chai. Ndipo nilipo, jikoni, naandika nyuma ya risiti nitakayoibandika humu. Maji yamechemka zamani. Yuko sebuleni, mikono kaiinua isiguse nguo, na hajaniita hata mara moja.