Zimefika Salamu Tu

Mwaitu,

Mama yangu, nakuandikia kutoka Emali, nimekaa juu ya mawe ya jengo tunalojenga. Mikono imepasuka, na mwandiko wangu unaujua, uliishia darasa la sita. Utanivumilia.

Mtoto alizaliwa. Ni msichana. Amepewa jina lako, Syombua, kwa hivyo hata mimi namwita Mwaitu, yaani mama. Nikipiga simu nyumbani Nuu namuuliza mke wangu Mwende, "Mwaitu amekula?" kisha kwa muda mfupi sijui namuulizia nani.

Ulipoanza kuishiwa pumzi uliniambia, "Nikienda kabla hajazaliwa, usijali. Nimemwekea maneno kwenye simu." Mwende ndiye aliyekufundisha kunasa sauti, ukaringa nayo kijiji kizima. Tulipokuzika sikutaka kitu kingine chako. Nilichukua hiyo simu nikaja nayo huku.

Lakini ilikuwa imeshanyamaza. Baada ya kunasa maneno yako ilikuponyoka ikatumbukia kwenye sufuria ya uji, ukaianika juani pamoja na mbaazi. Kioo kikawaka, ila spika ikafa, na tundu la chaja nalo likafa. Rekodi yako nilikuwa naiona, moja tu. Nabonyeza, mstari unatembea, hakuna kinachosikika. Nimeiweka sikioni hivyo hivyo mara nyingi. Kuituma kwa ujumbe kwenye simu nyingine ilikataa, na kadi ya kumbukumbu haina.

Jumamosi mvua ilitutoa kazini mapema, nikaenda saiba, duka la kompyuta la jamaa anayeitwa Mutiso. Aliigeuza mkononi akasema, "Mzee, hii simu inafaa kulipwa pensheni." Nilipomwambia ina sauti ya nani, aliacha utani akanivutia kiti.

Akasema imebaki njia moja, Bluetooth. Kompyuta itaifungulia simu mlango, na simu itapitisha sauti bila waya, kipande kimoja kimoja kwa foleni, polepole. Hilo nilielewa haraka. Ndivyo tunavyopandisha mawe hapa. Tunasimama mstari, jiwe linatoka mkono huu kwenda ule, na mmoja akilegea mstari wote unasimama.

Betri nilikuwa nimeitoa nikaichaji kando, kwa ile chaja ya kubana. Ilikuwa imevimba. Kompyuta ikatafuta, ikaleta majina ya simu za watu waliokuwa mle ndani, kisha likaja lako: SYOMBUA NUU. Mwaitu, niligeuka nikatazama mlangoni. Tukaandika nambari ya siri pande zote mbili, sufuri nne, zikakubaliana. Mstari wa kijani ukaanza kujaa.

Karibu na nusu, simu ikazima. Mutiso alikimbia kwa fundi wa jirani akaazima betri nyingine. Haikuwaka. Mpaka leo haijawaka.

Ile nusu ilisikika. Mutiso aliongeza sauti. Kuku wako walikuwa wanapiga kelele. Ukakohoa. Kisha ukaanza kwa Kikamba chetu, kama umesimama kanisani kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena." Ukataja jina lako, na kwenu, na kanisa unaloabudu. Ukasema umeokoka. Ukamsalimia mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama wa kwaya, mimi na Mwende, majirani. Hata yule ambaye mbuzi wake walikula kunde zako ulimsalimia. Mama mmoja aliyeketi nyuma akaitikia "Amina" kabla hajajizuia. Na mimi nilikuwa nakuomba moyoni, haraka, Mwaitu, waache hao, sema na mtoto. Ukavuta pumzi ukasema, "Sasa wewe, mtoto wangu..."

Hapo imekatika.

Mutiso aliniuliza kama aifute simu yako kwenye kompyuta. Nikamwambia aiache. Jina lako bado liko pale, na chini yake pameandikwa kwamba haijaunganishwa.

Watu wananiambia nishukuru hata kwa hicho. Sishukuru. Nilijaribu kwenda kanisani, dada mmoja akasimama akaanza kusalimia watu, nikatoka nje. Napandisha mawe, nalala, naamka. Mwende anasema tumwambie mtoto kwamba ulimbariki na kumtakia maisha marefu, kwa sababu hayo ndiyo bibi yeyote angesema. Labda. Lakini wewe hukuwa bibi yeyote. Nakisia ulitaka kusema nini, nakisia mpaka jiwe linanifikia mikono haijanyooka na wenzangu wananitukana.

Nakuaga, Mwaitu. Nakuahidi kitu kimoja tu, maana sina kingine. Sitamtungia mtoto maneno. Akipata akili nitamwekea asikie kuku, na kikohozi, na salamu zote mpaka ya mwenye mbuzi. Pale panapokatika sitaongeza kitu. Ukifika pa kumwita nitanyamaza, nimwache aitike mwenyewe.

Mwanao,
Kyalo