Kwa Metodi Kalchev, Uliyezikwa na Kitabu Chako

Mwaka umekatika, Metodi, tangu ushuke garini kununua mkate ukaanguka pale pale mlangoni pa duka, na uzi wako mwekundu na mweupe, ule tunaoufunga mwezi wa tatu kuombeana afya baridi inapokwisha, bado ungali mkononi. Mwanafunzi wako alibaki ameshika usukani, akisubiri umwambie awashe gari. Mshipa wa kichwani, walisema. Miaka yote hiyo uliuogopa moyo, kumbe moyo wenyewe ulikuwa mzima.

Tunabandika karatasi hii ya kukukumbuka getini kwetu, kwenye duka la mikate na kwenye nguzo ya kituo cha basi, kama ilivyo ada. Picha ni ile uliyokuwa huitaki, ya harusini kwa Boyko, unacheka mdomo wazi. Utatusamehe. Nyingine zote umetoa macho kama mtu aliyesikia kishindo.

Ulikuwa mpole. Nusu ya mji huu wewe ndiye uliyeifundisha kuendesha gari, na hukumfokea mtu, hata yule daktari wa mifugo aliyeugonga ukuta wa kanisa, kisha wiki iliyofuata akaugonga tena. "Ukuta huo upo tangu enzi za mababu," ulimwambia, "haukukimbilii. Rudi nyuma taratibu." Watu wakasema una subira ya mtakatifu. Sisi wa nyumbani tulijua ni nini. Hofu ilikuwa imekujaa mpaka kooni, hasira ingekaa wapi?

Ilikuwa inakujia bila hodi. Umeketi mezani na supu yako ya maharage, mara kijiko kinaanza kugonga bakuli. Unasema pumzi haishuki. Unashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mkeo Rumiana alikwisha kujifunza asiulize kitu. Wanawake wengine waliwaletea waume zao vidonge; yeye alikuletea miwani na kitabu chochote kilichokuwa karibu. Ulisoma midomo ikicheza, na baada ya kurasa chache bega lilishuka, ukaomba chumvi.

Ulisoma kila kitu. Hadithi za mabaharia, maisha ya watawa, nyota, ufugaji wa nyuki, mafumbo ya watu wenye majina yasiyotamkika. Ulivinunua Jumamosi sokoni, pale vinapomwagwa juu ya turubai, ukavivalisha magazeti visichafuke, ukavisomea garini wanafunzi wako wakihangaika kuegesha.

"Mwalimu, naenda sawa?"

"Nenda tu, mwanangu, nipo kwenye ukurasa mgumu."

Dada yako Stoyanka hakuacha kukusema. "Kaka, mtu mzima na mvi zako, unasoma kama mwenye mtihani kesho. Unatafuta nini humo?" Ukamjibu kwamba unatafuta kwa nini watu tunaamka asubuhi. Akasema, "Mimi naamka kwa ajili ya mbuzi." Ulicheka mpaka ukakohoa, ukafuta miwani, ukarudi kwenye kitabu chako.

Sasa tukueleze yaliyotufika, maana wa kumweleza ndiye wewe na hupo.

Wiki ile ya mwisho binti yako Iskra alikupigia simu kutoka jijini, kwenye duka la dawa alikokuwa anafanya kazi. Alikuuliza unasoma nini, kama kawaida yenu. Ukamwambia, "Mwanangu, safari hii nimekaribia. Humu kuna kitu. Nikimaliza nitakueleza." Kisha ukafa. Na sisi, katika kukuandaa, tukakuwekea jenezani miwani yako, kitana, sigara ulizokuwa umekwisha kuziacha, na kile kitabu kikiwa ndani ya gazeti lake. Ni mkono wa Stoyanka uliokiweka. "Asichoke njiani," alisema, na sote tukaona ni vizuri. Hakuna aliyelifunua gazeti kutazama jina. Nani angewaza?

Majani yalipoanza kupukutika, ugonjwa wako ukamwingia Iskra. Alirudi kwa basi, amekamata kiti cha mbele yake tangu alikopandia mpaka kituoni, ikabidi Rumiana ambandue kidole kimoja kimoja. Kijiko chake sasa kinagonga bakuli kama chako. Daktari amempa vidonge, na anavimeza, na usingizi unakuja. Lakini asubuhi nayo inakuja. "Sitaki kufa, Mama, usiogope," anasema. "Ila sijui ninaamkia nini. Baba alijua. Alikuwa karibu kuniambia."

Ndipo akaanza kukitafuta kitabu. Aliwafuata wanafunzi wako nyumba kwa nyumba, yeye ambaye siku hizi hawezi kuvuka daraja bila kushikwa mkono. Boyko mwokaji akaapa kwamba kilikuwa cha bahari. Galina wa posta akasema hapana, ni cha watawa, mwalimu alimsomea kipande wakati wanasubiri taa ya kijani. Daktari wa mifugo akakumbuka nyuki, mpaka picha ya mzinga aliikumbuka. Kila mtu alikuwa na kitabu chake cha siku zake za kujifunza, Metodi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha mwisho. Iskra akanunua vyote vya bahari, vya watawa na vya nyuki alivyovikuta kwenye turubai, akavisoma mpaka macho yakavimba. Tulimwuliza atakijuaje akikipata. "Nitajua," akasema. Ungetuachia jina tu, basi. Jina tu.

Akamwendea Padri Sava akamwomba kaburi lifunguliwe. Padri alimtazama kwa huruma, akamwambia, "Binti yangu, kaburi si kabati la vitabu." Alirudi bila kulia, nasi kwa ujinga wetu tukadhani yameisha.

Jumamosi ya Marehemu mji wote ulikuwa makaburini, kila mtu na sahani yake ya ngano ya kuchemsha na chupa ya divai ya kuwamwagia wafu wake. Iskra alikuja nasi, ameshika koleo dogo la bustani. Tulidhani ni la kupandia maua. Alipiga magoti juu yako akaanza kuchimba, na ilituchukua muda kuelewa, kwa sababu maua hakuwa nayo. Udongo uliruka ukaingia kwenye ngano za watu. Rumiana alimshika mabega, akasukumwa akaanguka. "Niache, Mama," Iskra alisema. "Kipo hapa chini. Si mbali."

Wanaume walisogea wamtoe kwa nguvu. Stoyanka akawazuia kwa mkono. Kwa magoti yake yale mabovu, akajishusha chini, akaketi kwenye udongo pembeni ya mtoto.

"Iskra, sikiliza shangazi yako. Mimi ndiye niliyekishika. Kikaratasi chake cha alama kilikuwa kimechomoza huku mwanzoni kabisa. Hakuwa amefika popote. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza."

"Unanidanganya unitoe hapa."

"Ningekwambia tangu zamani, mwanangu. Nilinyamaza nikidhani ni heri uwe na cha kutumaini. Haya, muulize mama yako alichokuwa anasema kila akianza kitabu kipya."

Iskra akamgeukia mama yake. Na mkeo, Metodi, aliyekufichia mengi, hili hakuweza kukufichia.

"Kila kitabu," Rumiana alisema. "Tangu tuoane. 'Rumiana, safari hii nimekaribia.'"

Koleo likasimama. "Kwa hiyo hakupata."

"Hakupata, mwanangu."

"Na aliishi hivyo hivyo?"

"Aliishi hivyo hivyo. Akakulea. Akaufundisha mji mzima kuegesha gari."

Mtu mmoja nyuma yetu alicheka kidogo, kisha akaanza kulia, na tukajua ni Boyko. Iskra aliurudisha udongo kwa viganja vyake, wote, akaupapasa ukawa sawa. Tukamchukua nyumbani.

Tungependa kukuandikia kwamba hapo ndipo alipopona. Hakupona. Tangu siku ile amelala akiutazama ukuta. Hasomi, anasema herufi zinaogelea. Hali mpaka alishwe. Tunaogopa, Metodi. Tunaogopa kila mlango unapofungwa, tunaogopa kukiwa kimya, na tunakukasirikia wewe uliyeondoka ukatuachia hofu yako bila kutuonyesha inavyofugwa. Hilo nalo tulitaka ulijue.

Kwa kuwa hatujui dawa nyingine, tunamsomea. Rumiana husoma kuanzia asubuhi mpaka sauti inakauka. Kisha anaingia dada yako Stoyanka, ambaye maisha yake yote hakusoma chochote zaidi ya mifuko ya chakula cha mbuzi. Anaweka kidole chini ya mstari, anakokota neno moja moja, na mtu kitabuni akimwudhi anamsema. Juzi alikutana na bwana mmoja anayemwacha mkewe kwa sababu za kipuuzi. "Huyu hatuna haja naye," akasema, akafunua ukurasa wa mbele.

Kutoka ukutani Iskra akasema, "Rudi, Shangazi. Umeruka."

Ndilo neno pekee alilolisema bila kuulizwa tangu Jumamosi ile. Stoyanka akarudi, akamsoma yule bwana mpaka mwisho, akiwa analia na kumtukana. Iskra hakugeuka. Lakini alikuwa anasikiliza, Metodi, na sisi tumelishika hilo kwa meno.

Tatizo ni kwamba tupo wawili tu, na sauti zetu zimekwisha. Wewe huwezi kuja. Basi na asikie huyu anayesimama sasa hivi kuisoma karatasi hii, kama wewe ndiye uliyempa usukani: maua asilete. Geti halifungwi mchana. Apande ngazi, mlango wa kushoto, asibishe hodi. Kitabu kipo juu ya kiti kilicho kando ya kitanda, kimefunuliwa. Aketi, asome kwa sauti, asiruke kitu.

Wanaokukumbuka na kukuombea: mkeo Rumiana, dada yako Stoyanka, na binti yako Iskra, ambaye jina lake tumeliandika hapa bila kumwuliza.

Hatujakusahau siku hata moja, Metodi, na hatutakusahau.